Je, Wajua? Faili Huweza Kuingia Ghalani Bila Kusafirishwa

Je, wajua kwamba programu ya mamia ya megabaiti huweza kuwekwa kwenye ghala la pamoja la waandaaji programu huku sehemu kubwa yake haijapita mtandaoni?

• Siri ni alama ya utambulisho. Kanuni ya SHA-256 huisoma faili nzima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Badilisha koma moja tu, utapata mfuatano mwingine kabisa.

• Zana ya Docker hufunga programu kwa matabaka. Kabla ya kupakia tabaka, huiuliza seva ya ghala kama tayari inalo lenye alama ileile. Likiwepo, halitumwi tena.

• Mpangilio ndio akiba. Tanguliza maktaba zisizobadilika mara kwa mara, kisha msimbo wako mwishoni. Ukirekebisha mstari mmoja wa msimbo, litapakiwa tabaka dogo la juu peke yake. Ukitanguliza msimbo, yote yaliyo juu yake hujengwa na kupakiwa upya. Kwa anayelipia bando, tofauti hiyo ni pesa.

• Katika ghala la Maven Central, toleo likishachapishwa halibadilishwi wala halifutwi. Kosa husahihishwa kwa toleo jipya. Kanuni hiyo ina maana kubwa: Machi 2016, left-pad, kifurushi cha mistari 11 tu, kiliondolewa kwenye ghala la npm, ambalo wakati huo halikuwa na kanuni hiyo, na maelfu ya miradi ikakwama. Ghala la pamoja ni amana, tuitunze.