Mkondo Usio na Moyo

Atembeaye kando ya hori za Msimbati bahari inapokupwa huyaona maji yakirudi polepole baina ya mizizi ya mikoko, yakipita katika vijito vyembamba visivyo na jina, hata yakakusanyika katika mkondo mmoja na kuishilia baharini. Na lau vijito hivyo vingezibwa kwa magogo na tope, haingepita miezi mingi kabla ardhi yote iliyo nyuma yake haijawa kinamasi. Nautaja mfano huu kwa kuwa mwili wa mwanadamu nao una vijito vya namna hiyo, na kwa kuwa katika mwambao wetu, tangu Mikindani hadi maingilio ya Ruvuma, matende na mabusha yametuonyesha dhahiri yatokeayo vinapoharibika.

Damu ina moyo wa kuisukuma. Lakini ifikapo katika vishipa vyembamba kuliko unywele, sehemu ya maji yake huvuja nje ikazinywesha nyama za mwili, na maji hayo hayarudi yote kwa njia yaliyojia, bali lita kadhaa kila siku huokotwa na mishipa mingine, yenye kuta laini mno, iitwayo mishipa ya limfu. Limfu ni maji maangavu yenye umanjano hafifu, ila katika mishipa itokayo matumboni hugeuka meupe kama tui baada ya mtu kula mafuta. Na ndivyo tabibu wa Kitaliano, Gaspare Aselli, alivyoiona mwaka 1622 alipompasua mbwa aliyekwisha kula. Mkondo huu hauna moyo. Huendeshwa na kuta za mishipa yenyewe zijikazapo na kujilegeza, na misuli ya mtu atembeaye au avutaye jarife, na pumzi zake aingizazo na kutoa; na ndani yake mna vilango vifungukavyo upande mmoja tu, ili maji yaliyokwisha kupanda yasiteremke tena, hata yafike chini ya mtulinga na kumiminika katika mishipa mikubwa ya damu.

Njiani limfu hupita katika tezi, ambazo ni mamia, nyingi zikiwa kinenani, kwapani na shingoni, nazo ni kama forodha zilizokuwa katika bandari zetu za kale: hapana shehena ipitayo bila kufunguliwa na kutazamwa. Mtoto akikanyaga chaza na jeraha likaingia uchafu, haichukui siku nyingi kabla hajaulalamikia mtoki, na mama yake huuhofu mtoki kuliko jeraha lenyewe, ilhali mtoki ni alama ya kuwa forodha ina kazi. Huko seli zilizookota vipande vya kijidudu mguuni huvileta na kuvionyesha kwa chembe nyeupe za damu, ambazo nyingine huzaliwa na kukomaa katika uboho wa mifupa, na nyingine hupata mafunzo yake katika tezi iliyo nyuma ya kidari. Na ajabu yake ni kwamba kila chembe hutambua umbo moja tu, isijue lingine maisha yake yote. Ile iliyobahatika kukutana na umbo lake hujigawa mara nyingi kwa siku chache, tezi ikavimba kwa wingi wa wazaliwa hao. Baadhi yao hutengeneza kingamwili, wengine huziua seli zilizokwisha kuingiliwa, na wachache hubaki miaka mingi kuwa kumbukumbu. Mafindofindo ya kooni ni ya ukoo huo huo, na bandama pia, ingawa yenyewe hukagua damu badala ya limfu.

Kumbukumbu hiyo twaifahamu vema huku kwetu. Mwaka 1952 na 1953 homa yenye maumivu makali ya viungo ilienea katika uwanda wa juu wa Wamakonde, pande za Newala, na ulimwengu ukaijua kwa jina lake la Kimakonde, chikungunya, lenye kumtaja mtu aliyepindika kwa maumivu. Aliyeugua akapona kwa kawaida hapatwi tena, maana chembe zake huihifadhi sura ya kirusi kile kwa miaka mingi.

Mnyoo wa matende ni hasimu wa tabia nyingine kabisa. Jike lake, jembamba kama uzi, hufika urefu wa milimita 80 hadi 100, hukaa ndani ya mishipa ya limfu miaka mitano au zaidi, na kuzaa watoto wasioonekana ila kwa hadubini, ambao hutembea katika damu usiku wa manane, saa ambazo mbu huuma. Patrick Manson ndiye aliyebainisha nchini China, mwaka 1877, kuwa mbu huwabeba. Mnyoo huyo havunji ulinzi wa mwili, bali huutuliza: huzifanya zile chembe ambazo kazi yake ni kuamuru kinga ipoe ziongezeke, hata pakawa na suluhu, na mtu mwenye maelfu ya watoto wa mnyoo katika damu yake akaonekana mzima wa afya. Suluhu hiyo ina gharama, kwani mishipa hutanuka, vilango vyake vikashindwa kufunga. Na mnyoo afapo, mwili huamka kwa ghadhabu dhidi ya mzoga wake, na uvimbe na makovu hufuata. Hapo maji hutuama, na vijidudu vya ngozi hupenya katika kila ufa baina ya vidole, kila homa ya mguu ikiuacha mnene kuliko ilivyoukuta.

Wazee wa pwani huita busha mshipa, nami nadhani wamekaribia ukweli kuliko wasemao kuwa huletwa na madafu; na kwa kuwa sipiti Mikindani pasipo kunywa dafu, sina budi kuitetea minazi. Lawama ni ya mbu, na wengine wao huzaliana vyooni: huko Makunduchi, Unguja, mwaka 1988 vyoo vya shimo vilimwagiwa chembe za plastiki nyepesi zieleazo juu ya maji, viluwiluwi wakakosa pumzi, na watu wakapewa dawa. Tanzania Bara ilianza ugawaji wa ivamektini na albendazoli Mafia mwaka 2000, ukaenea mikoani; dawa hizo huwaondoa zaidi watoto wa mnyoo kuliko wazazi, ndiyo sababu hurudiwa kila mwaka hata wazazi wazeeke.

Busha hutibika kwa upasuaji. Mguu uliokwisha kuwa mnene haurudi upesi, lakini huoshwa kila siku kwa maji na sabuni, ukafutwa hata baina ya vidole, nyufa zikapakwa dawa. Mwenyewe huambiwa atembee, na alalapo auweke juu ya mto, maji yapate kuteremka.