Ugonjwa wa Kuku Haujui Ua wa Jirani



Katika mkutano mmoja wa tawi letu hapa Kigwena, tulipomaliza habari za mishahara na za viatu vya kazini, mama mmoja anayeokota chikichi alisimama akauliza: "Chama kinatetea mshahara wetu. Kuku wetu watatetewa na nani?" Watu walicheka. Lakini mama huyo hakuwa na mzaha. Kuku wake 14 walikuwa wamekufa ndani ya juma moja, na ndio aliokuwa akiwategemea kununua madaftari ya watoto. Tulipoulizana, tukakuta kwamba mstari mzima wa nyumba zetu umepatwa na hasara hiyo hiyo kiangazi kile kile. Tangu siku ile tumejifunza mengi, na leo tunawaletea wenzetu tuliyojifunza.

KUKU NI AKIBA, SI MSHAHARA

Kwanza tuelewane. Hatusemi kwamba mfanyakazi afuge kuku ili mwajiri apate sababu ya kumlipa kidogo. Mshahara ni haki ya jasho, na kuku hawezi kuziba pengo lake. Lakini kila mmoja wetu anaijua tarehe 20 ya mwezi. Fedha zimekwisha, mtoto ana homa, na mwenye duka ameshafungua daftari la madeni. Mwenye jogoo wawili wa kuuza hapigi magoti mbele ya mtu. Ndiyo maana kuku wa nyuma ya nyumba ni jambo la wafanyakazi.

KIDERI, ADUI WA KWANZA

Mwewe huchukua kifaranga mmoja. Kideri, ambao wengine huuita mdondo, huchukua banda zima. Kuku mgonjwa hujikunyata na kusinzia, hupumua kwa shida mdomo wazi, na huharisha choo cha kijani. Wengine hupooza mabawa au hupinda shingo. Kwa kuku wasiochanjwa, siku chache zinatosha kuwamaliza karibu wote. Dawa ya kuutibu haipo. Vidonge vya binadamu, pilipili na majivu tulivijaribu vyote, tukapoteza kuku na fedha pia.

Ugonjwa ule uliingiaje kwetu? Mwenzetu mmoja alinunua jogoo kwa bei ndogo, akamfungulia siku ile ile achanganyike na wengine. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu aliyemwuza alikwisha kuona dalili. Baada ya siku chache jogoo akafa. Aliyemnyonyoa akatupa manyoya na matumbo kwenye michikichi, na kuku wa majirani wakaenda kudonoa. Basi ukapita nyumba hadi nyumba.

Kinga iko, nayo ni chanjo. Watafiti wa Australia walitengeneza chanjo inayovumilia joto kuliko zile za zamani, iitwayo I-2. Tanzania na Msumbiji wameitumia sana vijijini, mahali ambapo umeme na friji ni shida. Hutiwa tone moja katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Ziko na aina nyingine za chanjo ya kideri, na kila moja ina maagizo yake. Tumwulize daktari wa mifugo ipi inapatikana na itunzwe vipi. Chanjo humkinga aliye mzima. Haimponyi aliyekwisha kuugua. Tena huchukua kama majuma mawili kupata nguvu, kwa hiyo tusingoje mpaka tusikie vifo kwa jirani. Sisi tumeona ni vema kuchanja kabla kiangazi hakijakolea.

Hapa ndipo umoja unapohitajika. Chupa moja ya chanjo huwa na matone ya kuku 100 au zaidi, na ikishafunguliwa haikai sana. Mwenye kuku 8 akinunua peke yake, atamwaga sehemu kubwa. Nyumba 12 zikichanga, kila mmoja hutoa faranga chache. Na mmoja akikataa, kuku wake watakuwa ndio mlango wa ugonjwa kwa mtaa mzima.

VIFARANGA WASIPOTEE

Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15, halafu huatamia siku 21. Vifaranga hutoka vizuri, lakini baada ya miezi miwili tunahesabu watatu au wanne. Wengine wako wapi? Mwewe, nguchiro, kicheche, paka, mvua na njaa. Sisi wa Kigwena tuko jirani na msitu, na wanyama wadogo wa porini hawaogopi kuja uani.

Dawa yake ni tenga. Mama na vifaranga wakae chini ya tenga au ndani ya kizimba kidogo kwa majuma matatu au manne ya kwanza, mahali pakavu penye kivuli, wakila na kunywa humo humo. Wakishaota manyoya, tumtoe mama. Vifaranga waendelee kulindwa, naye atarudi kutaga mapema kuliko akiachwa kuzunguka nao.

BANDA NA CHAKULA

Banda lisiwe na anasa. Miti, matete na makuti ya mchikichi yanatosha. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi kiasi cha mita moja, ili kicheche asichimbe na maji yasiingie. Waliokaa karibu na ziwa wanakumbuka mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipopanda yakaingia katika nyumba za watu hapa Rumonge. Mlango ufungwe jioni kila siku. Nyasi za kiota zibadilishwe kila wanapoanguliwa vifaranga, kwa sababu utitiri hujificha humo ukawanyonya damu. Tuwawekee na kishimo cha vumbi lenye majivu makavu wajigaragaze.

Chakula kiko karibu nasi: vichwa na mabaki ya ndagala, maganda ya muhogo yaliyokauka vizuri, mchwa kwa vifaranga, na mashudu ya kokwa za chikichi, lakini kwa kiasi na yakichanganywa na vingine. Chenye ukungu kisitumiwe, kwa maana huua. Maji yawe safi kila asubuhi. Bidoni iliyokatwa inatosha kuwa chombo.

TULIYOKUBALIANA TAWINI

1. Kila mstari wa nyumba umchague mjumbe mmoja wa kuku, mwanamke au mwanamume, wa kuandika hesabu ya kuku na kukusanya michango.
2. Siku ya chanjo iwe moja kwa wote, jioni kuku wanapoingia bandani.
3. Kuku mgeni akae peke yake siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenziwe.
4. Aliyekufa kwa ugonjwa achomwe au azikwe shimo refu. Asiuzwe, asitupwe shambani wala ziwani.
5. Anayeona vifo vingi asifiche. Amwambie mjumbe siku ile ile, naye amwarifu daktari wa mifugo.

Kifungu cha tano ndicho kigumu zaidi, kwa sababu mtu huona aibu, au hutaka kuuza haraka kabla hawajafa. Ndugu, kufanya hivyo ni kumwuzia mfanyakazi mwenzako msiba. Yule mama aliyetuuliza swali ndiye mjumbe wa mstari wake leo. Alianza upya kwa matetea mawili aliyopewa na majirani. Nasi tunamjibu sasa: kuku wetu watatetewa na sisi wenyewe, tukiwa pamoja.

Umoja wa wafanyakazi udumu!