Bushi Hukazwa Gari Likiwa Limekanyaga Chini

Bushi iliyo mezani kwangu imechanika karibu nusu ya duara, na mpira wake umeachana na bomba la katikati. Imetoka kwenye Subaru Impreza iliyoshushwa sentimita 4. Ilifungwa ikiwa mpya miezi 5 iliyopita, na hii ni ya tatu upande ule ule. Mwenye gari, kijana anayelitunza gari lake kama mboni ya jicho, ameshakata shauri kwamba anauziwa feki. Nimeigeuza na kuigeuza. Si feki. Ilikazwa gurudumu likiwa linaning'inia.

Kosa hili nakutana nalo mno, na inaniuma kwa sababu dawa yake haigharimu hata senti.

Amu ni ule mkono wa chini unaolishika gurudumu. Bushi yake ni mabomba mawili, dogo ndani ya kubwa, na kati yake mpira ulioshikamana na yote mawili. Wengi hudhani bushi huzunguka kama beringi. Haizunguki. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani hubanwa kabisa, na amu inapopanda na kushuka kinachojisokota ni mpira. Kwa hiyo mkao wa amu wakati wa kukaza ndio mpira unaoufanya kuwa mapumziko yake. Ukikaza gari likiwa juu ya stendi, mpira utapumzika amu ikiwa imening'inia, na gari likishuka chini utakuwa umeshasokotwa. Chukua amu ya sentimita 35 iliyoning'inia sentimita 9 chini ya kimo chake: hizo ni digrii 15 za msokoto, na gari bado halijatoka gereji. Ukiwa umefunga springi fupi huku shokapu ni zile zile za kiwandani, kila sentimita uliyoshusha inajumlishwa hapo. Halafu ndipo yaje matuta.

Fanya hivi. Vipande vyote viingie, bolti za amu zifungwe kwa mkono tu. Rudisha magurudumu, shusha gari, lisukume mbele na nyuma mita chache, kisha likandamize kwa mbele mara kadhaa ili springi zikae mahali pake. Ingia shimoni ukaze, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kwa spana ya kupimia nguvu na kipimo cha kiwanda. Kama gereji haina shimo, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi gari likiwa chini, andika kipimo hicho, kisha uliinue na kuliweka juu ya stendi imara. Pandisha amu kwa jeki chini ya boljointi, kile kiungo cha ncha yake ya nje, mpaka kipimo kirudi vile vile, ndipo ukaze.

Bushi ni mwanzo tu. Mfumo wa mbele wa gari hili, ambao shokapu na springi huwa nguzo moja inayosimama juu ya chuma kinachobeba habu, una jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani. Ford waliufunga kwenye Consul na Zephyr zilizotoka Uingereza kuanzia mwaka 1950. Uzuri wake ni uchache wa vipande, na ubaya wake huonekana unapolishusha gari.

Katika kimo cha kiwandani, kwa kawaida amu huteremka kidogo kuelekea nje, kama bati la kibanda. Gari likilalia kona, ncha ya nje ya amu hupanda na kusogea nje, ikilisukuma tairi kwa chini, na tairi huendelea kukanyaga kwa uso wake. Shusha gari mpaka amu ilale au ipinde kwenda juu, na mambo yanageuka: kila inapopanda zaidi hulivuta tairi ndani kwa chini, na tairi la nje ya kona huishia kusimama kwa ukingo. Si hilo tu. Ile nukta ambayo bodi huizunguka inapolala kwenye kona hushuka kuliko kitovu cha uzito kilivyoshuka. Umbali kati ya viwili hivyo ndio wenzo unaoliinamisha gari. Springi zikiwa laini, gari lililoshushwa linaweza kulala kuliko lilivyokuwa awali! Impreza ambayo dereva Colin McRae alishindia Safari Rally hapa Kenya mwaka 1997 ilikuwa imeinuliwa, na hesabu yake ni hii hii ikisomwa kwa upande wa pili.

Dawa ni boljointi yenye shingo ndefu, inayoirudisha amu kwenye mteremko wake. Lakini hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Amu na tairodi, ule mkono wa usukani unaoligeuza gurudumu, kila moja huchora tao lake gurudumu linapopanda na kushuka. Matao yasipolingana, gurudumu hujikata lenyewe kwenye kila tuta, nawe hujagusa usukani. Ukirefusha boljointi kwa sentimita 2.5 ukaiacha tairodi ilivyo, umeiponya amu ukaiumiza tairodi. Tairodi endi nayo itafutiwe shingo ndefu. Kuhakiki, toa springi, funga ubao ulionyooka kwenye diski, pandisha gurudumu kwa jeki sentimita moja moja, na kila hatua pima ncha ya mbele ya ubao na ya nyuma. Zikienda sawa, umepatia.

Linki za stablaiza zipate urefu mpya na zifungwe mwishoni, gari likiwa chini, zisije zikausokota mtaimbo wa stablaiza.

Kuhusu alaimenti, vijana huilaumu kemba, yaani mlalo wa tairi, kwa kila tairi lililolika kwa ndani. Kulalia ndani kwa digrii 1 hadi 1.5 si tatizo kubwa kwa gari la barabarani. Kinacholimaliza tairi upesi ni kuelekea pembeni. Tairi lililogeuka nusu digrii tu huburutwa ubavu karibu mita 8.7 katika kila kilomita. Safari ya Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, tairi hilo limesagwa ubavu zaidi ya kilomita 4. Anza na kemba, ambayo kwenye Impreza hurekebishwa kwa bolti ya juu inayoishika shokapu, kwa sababu ukiigusa hiyo, uelekeo wa matairi nao hubadilika. Tairodi ziwe za mwisho. Na springi mpya hukaa zaidi baada ya siku chache, kwa hiyo kilomita 500 zikipita pima madigadi tena. Kipimo kikiwa kimeshuka, rudia alaimenti.

Impreza ya yule kijana iko juu ya shimo tangu asubuhi. Bushi ya nne imeshaingia, bolti imefungwa kwa mkono, na magurudumu ndiyo kwanza yanarudishwa.