Figo za Mnyama Aliyekimbizwa (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi figo zinavyochuja damu na kulinda kiasi cha chumvi mwilini. Leo tuangalie yanayozikuta figo hizo mnyama anapokimbizwa kupita kiasi.

Mwaka 1963 hirola, aina ya swala, walikamatwa mashariki mwa Kenya na kuhamishiwa Tsavo Mashariki kwa nia ya kuwahifadhi. Mwaka uliofuata wataalamu, akiwamo daktari wa wanyama Harthoorn, waliandika juu ya misuli iliyoharibika ya swala hao. Maradhi hayo ya misuli, yanayotokana na mnyama kukimbizwa na kukamatwa, yameonekana pia kwa pundamilia, twiga na hata ndege wenye miguu mirefu.

Mnyama anapotimua mbio kuokoa roho yake, adrenalini hubana mishipa ya figo ili damu iende kwenye misuli. Wakati wa utulivu figo hupata takriban sehemu moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo. Sasa hupata kidogo tu. Homoni nyingine, aldosteroni, huziamuru zizuie sodiamu na kuitoa potasiamu. Kwa mbio fupi hakuna neno. Swala aliyemponyoka duma hupumzika, na mambo yakarudi sawa.

Balaa huja mbio zisipokoma. Misuli hukosa oksijeni, hujaa asidi, hupata joto kali, na mwisho seli zake hupasuka na kumwaga potasiamu pamoja na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu. Mayoglobini ikizifikia figo ambazo tayari zimepungukiwa damu, huziba na kuharibu mirija yake midogo. Mkojo hugeuka rangi ya kahawa, hupungua, kisha hukatika. Potasiamu, ikikosa pa kutokea, hupanda kwenye damu hadi moyo ukasimama. Ndiyo maana mnyama aliyeshushwa garini akiwa mzima, akala majani mbele ya macho yenu, anaweza kufa siku kadhaa baadaye.

Kumtibu ni kazi ngumu, maana kumshika tena ili atundikiwe maji ni kumtia hofu upya. Nionavyo mimi, dawa ya kweli ni kinga. Nawasihi wote wanaokamata wanyamapori: fanyeni kazi alfajiri kabla jua halijawa kali, fupisheni mbio, mfunikeni mnyama macho, nyamazeni mnapomshughulikia. Na akianza kuhema kwa shida kabla hamjamfikia, mwacheni aende zake.

Itaendelea.