Mtoto akitaka kufuga chatu

Mtoto wa Mkomaindo anaweza kurudi kutoka shambani na nyoka mdogo ndani ya kopo: "Mama, huyu chatu, hana sumu. Tumfuge!" Mzazi, kabla ya kujibu, fahamu haya.

Nyoka hategemei joto la mwili wake kama sisi. Porini, chatu huota jua juu ya jiwe, na likizidi huingia shimoni penye ubaridi na unyevu. Kwenye kopo hana pa kukimbilia.

Ulaya na Marekani, wanaofuga chatu wadogo wa Afrika Magharibi huwatengenezea sanduku lenye pande mbili: moja nyuzi joto 31 hadi 33, nyingine 24 hadi 27. Taa huwekewa kidhibiti joto isimbabue. Unyevu wa hewa huwa asilimia 50 hadi 60, na huongezwa anapojivua gamba. Hewa ikikauka, gamba hutoka vipande vipande. Sanduku likilowa muda wote, ngozi hupata vidonda.

Hata nyoka mzima wa afya anaweza kubeba bakteria wa salmonela, ambao ni hatari zaidi kwa watoto wa chini ya miaka 5. Aliyemshika anawe kwa sabuni.

Nchini, kumfuga mnyamapori bila kibali ni kosa. Tena "chatu" huyo anaweza kuwa kifutu, kwani madoa yao hufanana, na kifutu ana sumu kali. Usifungue kopo kuhakikisha. Mwite afisa wanyamapori. Mtoto akiumwa, msimchanje wala kumfunga kamba. Mwahisheni hospitali.