AKINA MAMA: BAADA YA TITI KUKATWA



Tukipita nyumba kwa nyumba tunakuta mama ana donge kwenye titi, lakini amelificha. Ukimwuliza sababu, anajibu: "Watanikata, nitabaki nusu mtu." Huku nyuma donge linakua. Kwa hiyo leo tunaeleza jambo ambalo wengi hawajaambiwa: titi lililokatwa linaweza kutengenezwa upya.

Hutengenezwaje?
Daktari huchukua ngozi, mafuta na pengine nyama ya mgonjwa mwenyewe, kutoka mgongoni au tumboni, na kuipa umbo la titi kifuani. Lazima ipate damu, la sivyo itaoza. Mara nyingine huwekwa mfuko wa silikoni. Titi hilo halitoi maziwa, na hisia zake si kama za zamani. Lakini nguo hukaa vizuri, na wengi hupata faraja.

Lini?
Kuponya kansa ndiyo kazi ya kwanza. Mjini Kampala hutibiwa kwenye Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967 huko Mulago. Mionzi hukakamaza ngozi na kuchelewesha kidonda kupona, kwa hiyo mara nyingi madaktari husubiri miezi kadhaa. Hospitali ya CoRSU, Kisubi, kwenye njia ya Entebbe, ina wapasuaji wa kurekebisha mwili. Uliza gharama kabla ya kusafiri.

Si lazima kupasuliwa tena. Unaweza kushona titi la kitambaa, ukalijaza pamba na kulivaa ndani ya sidiria.

Ufanye nini sasa?
1. Ukiona donge, ngozi iliyobonyea, au chuchu inayotoa damu, fika zahanati wiki hii. Omba barua ya rufaa.
2. Kabla ya operesheni, mwulize daktari: "Je, titi langu laweza kutengenezwa baadaye?"
3. Usikatize dawa kwa sababu donge limepungua.
4. Akina baba, wasindikizeni wake zenu. Maneno yenu nyumbani ni sehemu ya matibabu.

Kumbukeni: donge likiwahiwa likiwa dogo, mara nyingi daktari huweza kuondoa donge lenyewe na kuliacha titi, kisha mgonjwa hupewa mionzi. Anayejificha kwa kuogopa kisu ndiye anayekatwa zaidi.