Kupima Faida ya Utafiti wa Umma: Funzo la Korosho

Utafiti unaogharimiwa na umma ni mali ya umma. Kwa hiyo wananchi wana haki ya kuuliza umewaletea nini. Swali hilo halijibiwi kwa kuhesabu ripoti, vipeperushi na semina. Hizo ni kazi zilizofanyika. Faida ni mabadiliko katika uzalishaji na katika maisha ya mzalishaji.

Tuchukue mfano wa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 ilivuna tani 16,500 tu. Sababu zilikuwa kadhaa: bei ndogo kwa mkulima, wananchi kuhamishiwa vijijini mbali na mikorosho yao, na ugonjwa wa ubwiriunga unaokausha maua. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, walionyesha jinsi unga wa salfa unavyozuia ugonjwa huo, wakachagua pia mikorosho bora. Maarifa hayo yakawafikia wakulima. Msimu wa 2017/18 mavuno yalizidi tani 300,000.

Je, ongezeko lote hilo ni faida ya utafiti? Hapana. Katika miaka ya 1990 biashara ya korosho ilifunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na miti mipya ikapandwa. Anayeuhesabia utafiti kila tani anaficha jasho la mkulima. Anayeunyima kila tani anasahau kwamba bei nzuri haifufui ua lililokwisha kukauka.

Kipimo sahihi kina hatua tatu. Kwanza, tulinganishe mashamba yaliyotumia maarifa na yasiyotumia, yenye udongo na umri wa miti unaofanana. Hata hapo tujihadhari, maana mwenye mtaji ndiye hutangulia kununua salfa. Pili, tutoe gharama zote, ziwe zimelipwa na mkulima au na Serikali. Salfa huagizwa nje kwa fedha za kigeni. Tatu, tuulize faida imekwenda kwa nani. Korosho inayouzwa nje ikiwa ghafi hupeleka huko pia kazi ya kuibangua na thamani yake.

Basi, kada anayefika kijijini asiridhike na orodha ya mahudhurio ya semina. Aulize ni wakulima wangapi wanaojua dawa lakini hawaipati kabla mikorosho haijachanua. Idadi hiyo ndiyo deni letu kwa umma uliogharimia utafiti.